Vijana wa Jezi ya Kijani

Miaka ya tisini, kwetu Isukha, magharibi mwa Kenya, wazee waliuona mpira kuwa kazi ya wavivu. Mtoto aliyerudi jioni na vumbi magotini alijua kiboko kinamsubiri, maana ng'ombe hawakunyweshwa na kuni hazikupasuliwa. Tulicheza kwa kujiiba, mpira wenyewe ukiwa makaratasi yaliyofungwa kwa kamba za mgomba. Jirani yetu mmoja akiukuta shambani mwake, aliukata kwa panga.

Shule ya Kakamega High ndiyo iliyowalainisha wazee hao. Timu yake ya soka, Green Commandos, vijana waliofunzwa na kocha Chris Makokha, walikuwa wamenyakua mataji ya taifa ya shule za sekondari hadi jina lao likawa tishio. Muhula wa pili ulipofika na ikasikika kwamba wanakutana na shule ya Musingu, soko la Khayega lilipoa mapema. Watu walishika njia kwa miguu hadi uwanjani, isukuti ikitangulia, ngoma zile zile za harusi na matanga. Wazee nao walienda, wakidai wanawasindikiza watoto.

Kisha mtoto wa yule jirani wa panga, aliyekuwa akirudishwa nyumbani kila mara kwa sababu ya karo, alipata nafasi katika shule moja ya sekondari kwa ajili ya mguu wake wa kushoto. Alipunguziwa karo, akamaliza kidato cha nne. Baba yake aliuza kuku wawili kumnunulia njumu za mitumba. Tangu hapo mipira yetu ikawa salama shambani mwake.

Mengi yamegeuka. Mashindano yaliyopanda kutoka wilaya hadi mkoa sasa hupitia kaunti na kanda. Uwanja wa Bukhungu, ambao tuliujua kwa matope, uliandaa mechi za mashindano ya CECAFA, ya mataifa ya Afrika Mashariki na Kati, mwaka 2017. Shule kubwa nazo husaka vipaji mbali, na orodha ya kikosi ikisomwa, wazee husikia majina ya watu wasiowajua. Wengine hunung'unika kwamba timu imekuwa ya kukodi. Siwalaumu. Zamani ulimshangilia mtoto uliyemwona jana akichunga ng'ombe.

Lakini urithi wa vijana wale wa Green Commandos haukukaa kwenye jezi peke yake. Wasichana wa shule ya Butere Girls wamejijengea jina katika soka, na kwetu wasichana hucheza mbele ya baba zao, jambo ambalo mama zao wasingethubutu. Kwenye harambee ya karo, mzazi hutaja alama za mwanawe, halafu, bila kuulizwa, hueleza anacheza nafasi gani. Timu hushinda mwaka huu, mwaka ujao ikafungwa. Ruhusa ya mtoto kwenda uwanjani mchana peupe haijawahi kurudishwa nyuma.