Pini ya Bibi, kichwa cha biharusi

Sisi ni ndugu wawili, tunapamba maharusi hapa Unguja, na leo tuzungumze pini.

Mwezi uliopita biharusi alituletea pini ya zamani ya bibi yake, ndefu shubiri nzima, kichwani ina lulu ya kioo. Ni pini ya kofia, zile za wanawake wa Ulaya na Marekani miaka ya 1900, kofia zilipokuwa pana kama sinia. Ncha zake zilikuwa kali hata Chicago mwaka 1910 wakaweka sheria isitokeze zaidi ya nusu inchi, watu wasichomwe nyuso kwenye magari ya abiria.

Alitaka imshikie kikofia chake juu ya mtandio. Shangazi yake akasema, "Ichomekeni tu, wanangu."

Haichomekwi tu! Huingia kwenye kofia, ikapita ndani ya fundo la nywele, ikatokea kwenye kofia tena. Nywele ndizo zinazoshika. Huyu nywele zake fupi, nazo zimefunikwa, basi tukasokota kipande cha kanga, tukakishona nyuma ya kofia ya ndani kiwe ndilo fundo. Ikashika. Nchani tukachomeka kipande cha kifutio cha shule. (Mtandio wa hariri usiutoboe katikati, tundu halizibi.)

Sasa la mdomoni. Sote tunabana pini kwa midomo huku mikono inapanga mtandio. Miaka mitatu nyuma mmoja wetu alibana hivyo hivyo, mtu akatia mzaha, akacheka. Pini ikaenda. Alikohoa kidogo, kikohozi kikakata, tukadhani ameimeza. Picha ya eksirei ikaonyesha imo kwenye pafu. Alhamdulillah, waliitoa kwa mpira mwembamba wenye kamera, bila kupasua. Daktari hakushangaa hata kidogo: aliuliza tu kama anavaa mtandio. Tangu siku ile pini zetu zinakaa kwenye kijito kidogo cha sponji tulichokifunga mkononi.

Magharibi ilipoadhiniwa tulichomoa pini moja, kikofia kikatoka, biharusi akatawadha akaswali bila kuharibu kitu. Maharusi wangapi sala huwapita kwa kuogopa kufumua kichwa?

Tuliporudi kumvisha, shangazi ndiye aliyekuwa ameshika pini ya bibi. Akaiweka baina ya meno ili anyooshe mtandio. Tulimpigia kelele sote wawili.