Wapishi wa Cincinnati na Siri ya Chungu Chao

Katika nchi ya Marekani, kando ya mto Ohio, uko mji uitwao Cincinnati. Katika karne ya 19 nguruwe waliochinjwa pale walikuwa wengi hata watu wakaupa jina la utani la Porkopolis, yaani mji wa nguruwe. Na katika wageni waliohamia humo, Wajerumani walikuwa wengi mno. Kwa hiyo mtu angedhani kwamba chakula ambacho mji huo hujivunia ni soseji. Sivyo. Chakula ambacho mwenyeji wa Cincinnati akiwa mbali hukitamani ni mchuzi wa nyama ya kusaga, wenye harufu ya mdalasini, uliomwagwa juu ya tambi. Nao ulianzishwa na watu wachache kutoka Makedonia na Ugiriki.

Habari hii yaanza mwaka 1922. Ndugu wawili, Tom na John Kiradjieff, wenyeji wa Makedonia, walifungua duka dogo la chakula ubavuni mwa jumba la michezo lililoitwa Empress, wakalipa duka lao jina lilo hilo. Nchi yao ilikuwa imepitiwa na vita vya miaka 1912 na 1913, ikagawanywa baina ya mataifa jirani, na kabla haijatulia vikaja vita vikuu vya 1914. Ndugu hao walijua kupika nyama kwa namna ya kwao, kwa viungo ambavyo mpishi wa pilau wa Mombasa asingevistaajabia. Lakini mnunuzi wa Cincinnati hakukijua chakula cha Kimakedonia, na asiyekijua chakula haji kukiomba. Ndipo mchuzi ule ukaitwa chili, kwa jina la chakula cha Texas ambacho Wamarekani walikuwa wamekwisha kukisikia. Mtu wa Texas akionjeshwa hukataa katakata kwamba hiyo ni chili, na kwa kweli anayo haki. Hata hivyo haifai kuwacheka ndugu wale. Mgeni afanyaye biashara hana budi kuiita bidhaa yake kwa jina ambalo mwenyeji analifahamu. Ladha atamfundisha baadaye.

Kadiri siku zilivyopita, chakula hicho kilipata desturi zake. Huagizwa kwa hesabu ya njia. Mtu akitaka njia mbili, huletewa tambi na mchuzi. Njia tatu, huongezwa jibini iliyokunwa, tele hata tambi zisionekane. Njia nne, huongezwa vitunguu au maharagwe. Na njia tano ni vyote pamoja. Huletwa katika sahani ya mviringo mrefu pamoja na biskuti ndogo za chumvi. Wako pia wapendao mchuzi huo juu ya soseji ndogo ndani ya mkate. Mgeni asiyeyajua hayo hujulikana mara moja, kwa kuwa huzizungusha tambi katika uma, ambapo mwenyeji huzikata kwa ubavu wa uma wake.

Lakini jambo la kufikiriwa zaidi ni jinsi siri ya chungu hicho ilivyotoka nyumba moja ikaingia nyingine. Mkahawa wa namna hii hautaki fedha nyingi kuuanzisha, bali wataka watu: wa kukata vitunguu alfajiri, wa kuosha sahani, wa kusimama mbele ya masufuria mpaka usiku wa manane. Mgeni aliyefika juzi, asiyejua Kiingereza, alipata kazi kwa jamaa au mtu wa nchi yake. Alivaa aproni, akala palepale, akajifunza. Na mtu mwenye akili hawezi kusimama karibu na chungu miaka kadha wa kadha asijue kilichomo.

Nicholas Sarakatsannis alikuwa mmoja wa waliofanya kazi Empress. Mwaka 1929 alivuka mto, akafungua mkahawa wake mwenyewe, Dixie Chili, katika mji wa Newport, jimbo la Kentucky. Nicholas Lambrinides, mzaliwa wa Kastoria katika Ugiriki, naye alipika Empress. Na mwaka 1949 yeye na wanawe walifungua duka juu ya kilima cha Price Hill. Kutoka pale vilele vya majumba ya mjini vilionekana, kwa hiyo wakaliita Skyline.

Je, huo ulikuwa utovu wa shukrani? Wako watakaosema kwamba mtu aliyepokewa akiwa hana kitu, kisha akaenda kufungua duka la namna ileile, amemlipa mwenyeji wake vibaya. Lakini mwenye duka hakuwapokea watu kama hao kwa hisani tu. Aliwahitaji, kwani ni nani mwingine angekubali saa nyingi kama zile? Na mfanyakazi aliyetoka kijijini akavuka bahari hakuvuka ili aoshe sahani za mwingine mpaka uzeeni. Isitoshe, kila aliyetoka alibadili kipimo kidogo, akapunguza hiki, akazidisha kile, kisha naye akaificha siri yake kama aliyoikuta ilivyofichwa. Hivyo mji ulipata mikahawa mingi yenye ladha za ndugu wasiofanana, na watu wa mtaa huu wakabishana na wa mtaa ule chili ipi iliyo bora. Hata Waarabu waliingia: mwaka 1965 ndugu wa ukoo wa Daoud, waliotoka Jordan, walianzisha Gold Star.

Kilichokuwa kigumu kuliko ushindani ni watoto. Baba asiye na elimu husimama jikoni ili mwanawe asome; na mwana akiisha kusoma, aweza kuwa daktari au mwanasheria, na jiko likabaki bila mrithi. Ama akibaki, huja na hesabu zake na kutaka maduka kumi badala ya moja. Jamaa ya Lambrinides walifuata njia hiyo ya pili, na Skyline ikaenea hata nje ya jimbo. Mwaka 1998 kampuni ikauzwa kwa wenye mitaji. Hakuna wa kuwalaumu, maana bei nzuri ni bei nzuri. Ila tangu siku hiyo jina la ukoo na jina la mlangoni hayakuwa na mwenyewe mmoja.

Mkahawa wa Camp Washington Chili, uliofunguliwa mwaka 1940 katika mtaa wa viwanda wenye jina hilo, ulikwenda njia nyingine. Mwaka 1951 kijana aitwaye John Johnson alifika kutoka Ugiriki, akafanya kazi chini ya mjomba wake, na hatimaye duka likawa lake. Hakulizidisha likawa mawili. Mwaka 2000 shirika la James Beard, ambalo sifa yake katika mambo ya upishi ni kubwa Marekani, liliutunukia tuzo lake la mikahawa ya asili. Desturi ya duka ilikuwa kufungua mchana na usiku siku sita za juma, hata mtu atokaye kazini saa tisa ya usiku aliweza kupata njia tatu yenye moto. Jumapili mlango ulifungwa.