Mbuzi Aliye Bora Kuliko Wote

Mwalimu wetu wa Kiingereza alibandika fumbo la maneno katika ubao wa maktaba. Kwa siku tatu lilitushinda kwa swali moja tu, ambalo kwa Kiswahili ni hivi: "Mwenye ndevu, bora kuliko wote kwa lugha ya mtandaoni. Herufi nne." Majibu yaliyolikatiza yalikwisha kutupa O, A na T; ikapungua herufi ya kwanza.

Wenzangu wengine walinung'unika kwamba si haki kutuuliza lugha ya mtandaoni, maana bwenini hatuna simu. Mimi sikukubali. Ndevu zilitosha kuondoa BOAT na COAT, likabaki GOAT, yaani mbuzi.

Hapo ndipo ubishi ulipozidi! Kwetu kumwita mtu mbuzi ni kumtukana; huyu aliye bora ni mbuzi gani? Mmoja akasema labda ni mbuzi ya kukunia nazi.

Basi nikaziandika herufi zile kwenda chini, nikatafutia kila moja neno lake. T ikanipa Time, A ikawa All, na G haikukataa Greatest: Greatest Of All Time, mkuu kuliko wote wa nyakati zote. Mwalimu alithibitisha, akaeleza kwamba mke wa bondia Muhammad Ali aliandikisha kampuni kwa herufi hizo mwaka 1992, na kamusi ya Merriam-Webster ikaliingiza neno hilo mwaka 2018. Kumbe lugha hiyo "mpya" inatuzidi umri sisi wa Kidato cha Nne!

Fumbo jingine limekwisha bandikwa, na wa Kidato cha Pili wametutangulia ubaoni.