Sukari Iliyorudi

Mimi ni mama wa watoto wanne, mwenyeji wa Kabambare. Katika mimba ya pili kiu ilinitesa, na usiku sikulala kwa kwenda haja ndogo. Majirani wakacheka, wakasema nimebeba dume. Nilipopelekwa Kasongo nikapimwa damu, ikaonekana kisukari cha mimba. Mtoto alizaliwa na kilo 4 na nusu, mabega yakakwama, nusura tupotee sote wawili.

Wiki sita baadaye nikapimwa tena, sukari imeshuka. Basi nikadhani nimepona kabisa. Ilipokuja mimba ya tatu sikwenda kupimwa hata mwezi wa nane. Kumbe sukari ilikwisha kurudi! Mtoto yule alizaliwa akitetemeka, maana sukari yake mwenyewe ilishuka ghafula. Siku mbili nilikaa nikihesabu pumzi zake.

Mimba ya nne nilikwenda mwezi wa pili. Mkunga akanieleza kwamba kondo la nyuma hutoa vichocheo vinavyopunguza nguvu ya insulini. Mwili ukishindwa kuiongeza, sukari hujaa katika damu, ikamfikia mtoto. Kondo likitoka mambo hutulia, lakini udhaifu hubaki, na mimba nyingine huweza kuudhihirisha. Kwa kawaida mama hupimwa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Aliyekwisha kuugua asingoje hata hapo.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa sahani: chai bila sukari, tonge la bukari lisilozidi ngumi, wali kidogo, bali sombe, maharagwe na samaki kwa wingi. Tena nitembee baada ya kula. Hapo vita vikaanza nyumbani. Kwetu mwenye mimba hupakuliwa mlima wa bukari, na kuukataa ni kumtukana mpishi. Mama mkwe akanuna siku tatu, kisha akauliza: «Mwanangu, bukari yangu ina sumu? Wamfunga njaa mjukuu wangu?» Sikuwa na jibu la heshima. Nikamwomba tu anisindikize kupimwa.

Alitazama kidole changu kikichomwa, akanyosha na chake, kwa kudadisi tu. Sukari yake ikaizidi yangu!

Mtoto wa nne alizaliwa na kilo 3 na robo, analia vizuri. Mimi nimeagizwa nipimwe kila mwaka, kwa kuwa kisukari cha kudumu huweza kuja baadaye. Mama mkwe hunifuata, na bukari anaipakua yeye mwenyewe: ngumi yangu, ngumi yake.