Umepigwa marufuku, au umenyimwa viza tu?

Haya wasomaji, swali hili naulizwa sana kwa sababu watu hudhani mtu wa kompyuta anaweza "kuingia kwenye sistimu". Siwezi. Lakini naweza kukueleza sistimu yenyewe.

Chukua Ulaya ya Schengen. Kuna hifadhidata mbili. VIS huweka maombi ya viza, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, hadi miaka 5. SIS, iliyoanza 1995, ndiyo yenye marufuku, na ndiyo askari wa mpakani huitazama akishika pasipoti yako. Kuwa na rekodi ya kukataliwa kwenye VIS si marufuku!

Binamu yangu alikuwa karibu kuuza ng'ombe amlipe wakala "amsafishie jina". Nikamwambia alete barua ya ubalozi kwanza. Fomu ile ina kisanduku cha SIS. Kikitiwa alama, huandikwa pia nchi iliyokuweka humo. Chake kilikuwa kitupu. Tatizo lilikuwa hati za benki. (Wakala alikuwa ameiona barua hiyo hiyo, jamani.)

Na kama huna barua, lakini uliwahi kurudishwa kutoka huko? Uliza mwenyewe. Andikia mamlaka husika ya nchi yoyote inayotumia SIS, weka nakala ya pasipoti, bila malipo. Wanaweza kukuficha baadhi ya mambo kwa sababu za usalama. Ila ukikuta kosa, una haki ya kudai lirekebishwe au lifutwe. Wakikupuuza, lalamika kwa mamlaka ya ulinzi wa data ya nchi hiyo.