Safari ya Kidugala na Haki ya Jirani



Napenda kuwasimulieni habari za safari niliyoifanya mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1446, ulioangukia Machi 2025, kwenda Kidugala katika nchi ya Wabena. Nilikwenda kumzuru mdogo wangu wa kike, ambaye mumewe hufanya biashara ya viazi huko. Mimi ni mwalimu wa madrasa, na umri wangu umepita miaka hamsini. Nilidhani nakwenda kuwafundisha watu wa nyumba ile mambo ya dini yao. Nilirudi nikiwa nimefundishwa mimi, tena kwa mkate.

Mtu atokaye Tanga hupita Segera na Chalinze, akashika njia ya Morogoro na mbuga ya Mikumi, kisha akaupanda mlima Kitonga wenye kona nyingi mpaka Iringa. Kutoka hapo hupita Mafinga na kufika Makambako, mji wa njia panda: barabara moja huendelea Mbeya na Zambia, na nyingine hugeuka kusini kwenda Njombe na Songea. Hapo pia ipo stesheni ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Niliposhuka garini upepo ulinipiga usoni, nikatambua kwamba kanzu yangu ya pwani haikutosha. Watu wa mji walivaa makoti na kofia za sufi, nami nikatetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

Kidugala iko upande wa magharibi wa njia hiyo ya Njombe, katika wilaya ya Wanging'ombe, nasi tuliiacha lami tukashika barabara ya udongo. Nchi ni ya vilima, misonobari, mashamba ya mahindi na viazi, na mianzi kandokando ya mabonde. Jina la Kidugala linajulikana kwa sababu ya misheni ya Kilutheri, iliyoanzishwa na Wajerumani wa chama cha Berlin, na mpaka leo ipo seminari yao. Basi Waislamu hapo ni wachache mno. Nyumba ya mdogo wangu ilizungukwa na majirani Wakristo pande zote nne, na kwa sala ya Ijumaa mumewe alikuwa akienda Makambako.

Siku ya kwanza nilitazama jikoni nikasikitika. Hapakuwa na nazi hata moja. Nazi za huko hupandishwa kwa malori kutoka pwani, na bei yake si ya kila siku. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, mtafuturu nini bila ya tui?" Akacheka, akasema, "Kaka, Mwenyezi Mungu hakuziumba neema zake zote juu ya mnazi. Ngoja magharibi."

Magharibi ilipofika nilikuta tende zilizonunuliwa mjini, uji wa ulezi wenye tangawizi, viazi mviringo vilivyopikwa kwa njegere na maziwa ya ng'ombe, na mahindi mabichi ya kuchemsha. Juu ya yote palikuwa na mkate uliopanda vizuri, wenye harufu ya hiliki. Nimekula futari nyingi katika maisha yangu, lakini katika baridi ile futari hiyo ilinifaa kuliko muhogo wa nazi niliouzoea.

Mdogo wangu alinieleza kwamba ilimchukua mwaka mzima kujifunza kupika upya. Nchi ile iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mahali pa juu maji huchemka kabla ya kupata moto wa pwani. Kwetu maji huchemka kwa nyuzi 100, huko hata 95 hayafiki. Kwa hiyo maharage huchelewa kuiva, na mpishi mgeni huona kuni zake zimekwisha na chungu bado kigumu. Dawa yake ni kuyaloweka usiku kucha na kukifunika chungu vema. Tena unga uliotiwa hamira hauumuki haraka kwa sababu ya baridi. Kwetu saa moja hutosha. Kwake huhitaji saa mbili au zaidi, na huliviringisha bakuli katika blanketi na kuliweka karibu na mafiga, kama mtoto mchanga.

Kwa faida ya akina mama na mabinti wasomao gazeti hili, naandika hapa mkate wake kama alivyonitajia. Chukua vikombe vinne vya unga wa ngano, kijiko kimoja na nusu cha chai cha hamira, nusu kikombe cha sukari, chumvi kidogo na hiliki iliyotwangwa. Vunja yai moja, tia vijiko vitatu vya kulia vya mafuta ya alizeti, kisha ukande kwa maziwa vuguvugu, kikombe kimoja na robo au kiasi cha unga kuwa laini usioshika mikononi. Uache uumuke mpaka uwe maradufu. Uweke katika sufuria iliyopakwa mafuta, uuache tena nusu saa. Kisha weka makaa machache chini na mengi zaidi juu ya kifuniko, kwa muda wa dakika arobaini hivi. Mwenye kuzidisha moto wa chini ataunguza mkate wake, na ndani utakuwa mbichi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Jioni ya tatu, tulipokuwa tumekwisha kunywa maji na kula tende, alibisha hodi mtoto wa kiume wa miaka minane au tisa, mjukuu wa bibi jirani. Alishika sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe, akasema, "Bibi amesema mfuturu." Ndani yake mlikuwa na mkate wa moto, umekatwa vipande sita kwa hesabu yetu, na mimi mgeni nimehesabiwa.

Nami njiani nilikuwa nimesikia mengi. Nilijua kwamba watu wa nchi ile hufuga nguruwe. Nilijua pia habari za ulanzi, utomvu wa mianzi ugemwao wakati wa mvua, ambao ukiwa mpya ni mtamu na ukikaa hulevya. Hata kwetu pwani wazee walichachusha vitumbua kwa tembo la mnazi, basi nikawaza kwamba huenda na huu umechachushwa kwa kileo, au umepakwa mafuta ya nguruwe. Wazo hilo si baya kwa Mwislamu, maana kuchunga tumbo lake ni katika dini yake. Ubaya ulikuwa katika nilivyofanya. Mbele ya mtoto yule nilisema kwa sauti, "Umetiwa nini mkate huu? Mimi sili nisichokijua," nikaisukuma sahani kwa ncha za vidole.

Mtoto alinitazama, akaitazama sahani, kisha akatoka mbio. Mdogo wangu hakusema neno. Shemeji yangu aliinamisha kichwa. Tuliswali, na baada ya sala ndipo mdogo wangu aliponieleza, machozi yakimlengalenga.

Akasema, "Kaka, nilipofika hapa miaka saba iliyopita, bibi yule alikuja siku ya pili akaniuliza, 'Mwanangu, ninyi Waislamu hamli nini, nisije nikawakosea?' Nikamwambia. Wiki ile ile alinunua sufuria mpya Makambako, akaitundika kwenye msumari ukutani, akawakataza watu wote wa nyumbani mwake wasiitumie. Haijaingia nguruwe wala kileo. Hamira hununua ya pakiti, na mafuta ni ya alizeti. Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, na mume wangu yuko safarini, uji wangu ulipikwa katika sufuria ile siku arobaini. Na mkate uliousifu siku ya kwanza, yeye ndiye aliyenifundisha kuuumua katika baridi hii."

Wasomaji wangu, niliona haya ambayo sijawahi kuona tangu utoto. Mimi ndiye niliyewasomesha watoto miaka mingi aya ya 36 ya Sura ya An-Nisaa, ambayo Mwenyezi Mungu ametuamrisha ndani yake kumtendea wema jirani wa karibu na jirani wa mbali. Mimi ndiye niliyewasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alimwusia Abu Dharri azidishe maji apikapo mchuzi, apate kuwakumbuka majirani zake. Mimi ndiye niliyewaambia habari za Abdullahi bin Amri, aliyechinjiwa mbuzi nyumbani kwake, na jambo la kwanza aliloliuliza ni kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa. Yote hayo nilikuwa nayo ulimini. Bibi yule, ambaye si wa dini yetu, alikuwa nayo ukutani, juu ya msumari.

Usiku ule sikulala vema. Asubuhi nilimwambia mdogo wangu, "Sahani ya watu ipo hapa. Si desturi yetu kurudisha chombo kitupu. Nipikie kitu, nami nitaipeleka mwenyewe." Tukaloweka mchele wa Mbeya, tukausaga, akafanya mkate wa kumimina kwa maziwa ya ng'ombe badala ya tui. Mimi nilipalia makaa. Wa kwanza uliungua chini kwa sababu yangu, wa pili ulitoka salama.

Baada ya alasiri tulikwenda. Bibi alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Alituamkia kwa lugha yao, "Kamwene," nami nikamjibu hivyo hivyo, kama nilivyofundishwa. Nikampa sahani kwa mikono miwili, nikasema, "Mama, jana nilikukosea wewe na mjukuu wako. Nimekuja kuomba radhi."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, kuuliza si kosa. Hata mimi nilimwuliza mwanangu huyu siku ya kwanza. Lakini ungeniuliza mimi. Mtoto alilia, akaniambia mkate wetu ni mchafu. Nilimjibu kwamba mgeni hajui, akijua atakula."

Nilimwita mtoto, nikamwomba radhi na yeye, ingawa haikuwa rahisi kwa mtu wa ndevu zangu. Bibi hakuniwekea chai, maana alijua nimefunga. Aliingia ndani, akatoka na mkate katika kitambaa kile kile cheupe, akaniambia nifuturu nao. Na kabla sijaaga alinionyesha sufuria. Imefubaa kwa nje, lakini ndani inang'aa. Magharibi ya siku ile nilikula vipande viwili, na mdogo wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

Ndugu zangu, nisifahamike vibaya. Halali ni halali na haramu ni haramu. Sura ya Al-Maida inatuhalalishia katika aya ya 5 chakula cha waliopewa Kitabu, na chetu kwao. Sura hiyo hiyo, katika aya ya 3 na ya 90, inaharamisha nyamafu, damu, nyama ya nguruwe na vileo. Mwislamu hana ruhusa ya kuyapuuza hayo kwa ajili ya urafiki. Lakini kuna kuuliza kwa adabu, na kuna kuuliza kwa kiburi. Mwenye adabu humwuliza mwenyeji wake faraghani, au humwendea jirani mapema akamweleza kwa upole kile asichokila, kama alivyofanya mdogo wangu. Mwenye kiburi hungoja sahani ifike, akamwaibisha aliyeileta. Na aliyeileta mara nyingi ni mtoto, ambaye neno hilo atalikumbuka hata uzeeni.

Tena tujiulize sisi wenyewe. Tunapopika kwa wingi katika Ramadhani na Idi, je, sahani zetu huvuka kizingiti? Bibi Aisha (R.A.) alimwuliza Mtume kuhusu majirani wawili, ampelekee nani zawadi, naye akamwambia ni yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Hakutaja kwanza dini yake wala kabila lake. Ametaja mlango.

Nanyi vijana, msione haya kuingia jikoni na kutumwa na sahani. Kijana ajuaye kukanda unga na kupalia makaa hatakuwa mzigo kwa mama yake wala kwa mkewe kesho.

Niliporudi Tanga nilibadili desturi moja katika chuo changu. Zamani siku ya Jumamosi nilianza kwa kuwauliza watoto, "Nani amehifadhi?" Sasa baada ya swali hilo huongeza la pili, "Wiki hii nyumbani kwenu mmempelekea nani chakula?" Mwanzoni walinyamaza. Sasa mikono huinuliwa, na wengine hutaja majirani ambao hata mimi sikuwajua.

Namwomba Mwenyezi Mungu amlipe bibi yule wa Kidugala kwa wema wake, na atujaalie sisi tuwe majirani wa namna hiyo. Amin.