KUNGURU WA KARIAKOO SI WA KWETU!

Saa nne asubuhi, Mtaa wa Kongo, nina sambusa ya moto mkononi. Vuup! Kunguru kaichukua, katua kwenye waya wa umeme, anaila huku ananikodolea macho kama mimi ndiye niliyemwibia. Wauza mitumba walicheka mpaka basi.

Muuza kahawa mmoja, mtu mzima, akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni huyo. Wa kwetu ana kifua cheupe."

Kumbe wapo wa aina mbili, msomaji wangu! Huyu jambazi wa Kariakoo ni mdogo kidogo, mweusi, shingo na kifua rangi ya majivu. Kwao ni India na nchi za jirani. Miaka ya 1890, enzi za Waingereza, aliletwa Zanzibar eti asafishe taka. Baadaye akatua Dar. Porini hakai huyu; bila sisi na majalala yetu hana maisha. Wa kwetu ni mkubwa, shati jeupe ndani ya suti nyeusi, bwana harusi kabisa! Sauti yake nzito. Mgeni yeye ni "kaa! kaa!" tangu alfajiri. (Halafu wataalamu wanawaweka kunguru kundi moja na ndege waimbaji, akina chiriku. Jamani!)

Siku tatu nilizunguka Msimbazi, Gerezani, hadi Mnazi Mmoja, shingo juu kama mtu aliyeshuka basi jana. Wa majivu niliacha kuhesabu. Wa shati jeupe sikuona hata mmoja.

Mgeni anatembea kwa magenge, anamfukuza mwenzake, anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Miaka ya 2010 walitegewa sumu jijini, wakapungua, kisha wakajaa tena. Si hadithi kwangu: mama yangu, Buguruni, alikuwa na vifaranga tisa. Wamebaki wawili chini ya tenga, na amesema kufuga basi. Hela ya mayai ndiyo iliyokuwa nauli yangu ya mjini, si unajua tena.

Juzi nikaenda Dodoma kwa bibi. Alikuja kunipokea stendi. Mara namwona: shati jeupe peee, anatembea taratibu kando ya muuza mahindi ya kuchoma, hana haraka na mtu.

"Bibi, bibi, yule pale!"

Bibi akatazama, akanigeukia kwa huruma. "Kwani Dar hakuna kunguru, mjukuu wangu?"